Miongozo mitatu, mgonjwa mmoja: tuipime vipi miongozo ya tiba ya lehemu?

Tabibu wa Tanga ameuliza:

Wakuu, salaam. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Tanga, na nimekwama katika jambo nililodhani ni dogo. Wiki iliyopita alikuja baba mmoja wa miaka 54, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hana kisukari, havuti sigara, na hajawahi kuugua moyo wala kiharusi. Alikuwa na karatasi ya maabara ya binafsi ya mjini. Lehemu yote (kolesteroli) ilikuwa 5.8, HDL (ile iitwayo nzuri) 1.1, LDL (ile iitwayo mbaya) 3.9 na trigliseridi (mafuta mengine ya damu) 1.7, zote kwa milimoli katika lita. Pembeni ya ile 5.8 mashine ilikuwa imechapa herufi H, yaani iko juu, na mtu wa maabara akaizungushia wino mwekundu mara mbili. Presha nilimpima mwenyewe mara mbili akiwa amekaa, na ilikuwa 138 kwa 84. Hana dalili yoyote. Mkewe ameshaacha kumpikia mayai, na yeye mwenyewe anataka kujua kama aanze kumeza statini, yaani dawa za kushusha lehemu.

Jioni nilifungua miongozo. Kikokotoo cha Wamarekani cha 2013, ambacho mwongozo wao wa 2018 uliendelea kukitumia, kilinipa uwezekano wa asilimia 7.9 wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10, na kwa kuwa kizingiti cha mwongozo huo ni asilimia 7.5, mwalimu anaingia katika kundi la kuzungumziwa dawa. Kikokotoo chao kipya cha 2023 kilinipa asilimia 4 tu kwa mtu yuleyule. Waingereza huanza kuitoa dawa kwenye asilimia 10, lakini kikokotoo chao kinauliza msimbo wa posta wa Uingereza. Niliacha wazi, kikakubali, nami nikabaki najiuliza kimenihesabu kama mkazi wa wapi. Chati ya Shirika la Afya Duniani ya ukanda wetu haikufika hata asilimia 10, na kifurushi chao cha huduma za moyo kinazungumzia statini kuanzia asilimia 20.

Kwa hiyo mgonjwa ni mmoja na karatasi ni moja, lakini majibu yanapingana. Sikujifunza takwimu zaidi ya zile za chuoni. Mtu kama mimi anaupima vipi mwongozo, ili ajue ni kipi cha kufuata na ni kipi cha kuacha?

---

Daktari wa Wodi ya Pili amejibu:

Ndugu tabibu, hongera kwa kupima presha mara mbili. Wengi wetu tungeandika ile ya kwanza tukamwita mgonjwa anayefuata.

Kwanza tuiondoe mezani hiyo herufi H. Mashine huichapa kila lehemu yote inapovuka 5.2, bila kujali kama aliyetolewa damu ni mwalimu wa miaka 54 au binti wa miaka 20. Hakuna hata mmoja kati ya miongozo uliyoitaja unaomwanzishia mtu dawa kwa namba hiyo peke yake. Namba ambayo kwa Wamarekani inatosha bila kukokotoa chochote ni LDL ya 4.9 na kuendelea, kwa sababu hapo tunaanza kushuku lehemu ya kurithi, na mgonjwa wako yuko mbali nayo.

Kuhusu kupima mwongozo, mimi huuchana vipande viwili kabla ya kuusoma. Kipande cha kwanza ni ushahidi wa kile ambacho dawa inakifanya mwilini, na hapo miongozo yote inachota katika kisima kimoja. Utafiti wa nchi za Skandinavia wa 1994 uliohusisha watu 4,444 wenye ugonjwa wa moyo, ule wa Uingereza wa 2002 wenye watu 20,536, na majumuisho ya majaribio yaliyofuata, vyote vinaelekea mahali pamoja: LDL ikishushwa kwa milimoli 1, mishtuko ya moyo, viharusi na upasuaji wa mishipa hupungua kwa kadiri ya sehemu moja ya tano. Hilo halina ugomvi mkubwa.

Kipande cha pili ni kizingiti, yaani tuanze kutoa dawa mtu akiwa na hatari kiasi gani, na hicho hakikutoka maabara. Kiliamuliwa na watu waliokaa mezani wakiwa na bajeti yao, bei za dawa zao na wagonjwa wao. Waingereza waliposhusha kizingiti chao kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2014, hawakufanya hivyo kwa kuwa mioyo yao ilikuwa imebadilika. Statini zilikuwa zimeshuka bei baada ya hataza kwisha, na hesabu ya gharama ikakubali. Shirika la Afya Duniani linaandikia pia nchi ambazo kituo kina dawa ya mwezi mmoja na foleni ya miezi mitatu, kwa hiyo kuweka asilimia 20 si ujinga wala ubahili. Majibu yako yanapingana zaidi katika kipande hiki cha pili kuliko katika kile cha kwanza.

Jambo ambalo hulitafuta mapema katika mwongozo wowote ni kama unanipa faida halisi au uwiano peke yake. Chukua utafiti wa HOPE-3 wa 2016, ambao washiriki wake wanamkaribia mwalimu wako. Watu 12,705 kutoka nchi 21, ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo, waligawanywa. Nusu walipewa rosuvastatini, aina ya statini, miligramu 10 na nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa miaka kama mitano na nusu. Waliokufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa, au kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, walikuwa asilimia 3.7 upande wa dawa na asilimia 4.8 upande wa pili. Mwenye kuuza dawa ataandika kwamba hatari imepungua kwa karibu robo, na hatakuwa amesema uongo. Mimi nikiwa na mtu mbele yangu nitamwambia kwamba watu kama 91 walimeza kidonge kila siku kwa muda wote huo ili mmoja wao aepushwe. Sentensi zote mbili zimetoka katika jedwali moja, na mwongozo unaokupa ya kwanza ukaificha ya pili unakunyima haki ya kuamua.

Halafu tazama nani ameandika. Mwaka 2004 jopo la Marekani lilishauri LDL ishushwe zaidi kwa wenye hatari kubwa, na baadaye ikafahamika kwamba wanane kati ya waandishi tisa walikuwa na uhusiano wa kifedha na kampuni za dawa ambao haukutajwa katika waraka wenyewe. Ushauri huo haukuwa lazima uwe mbaya, na mwingi umethibitishwa na majaribio ya baadaye. Lakini siku ile msomaji hakuwa na namna ya kujua. Angalia vilevile daraja la ushahidi lililoandikwa mbele ya kila pendekezo. Uchambuzi uliochapishwa 2019 uligundua kwamba katika miongozo ya moyo ya Marekani ni asilimia 8.5 tu ya mapendekezo yaliyosimama juu ya ushahidi wa daraja A, yaani ule wenye nguvu zaidi, na katika ile ya Ulaya kama asilimia 14. Mengine yamejengwa juu ya tafiti dhaifu zaidi au maoni ya wataalamu, ingawa yote yamepigwa chapa kwa herufi zilezile za kifahari.

Mwisho, una swali moja ambalo hukumuuliza mwalimu, au hukutuandikia hapa. Baba yake, mama yake na ndugu zake wa tumbo moja walikufa kwa nini, na wakiwa na umri gani? Vikokotoo vya Marekani ulivyotumia havina sehemu ya kuandika hilo.

---

Mwanafunzi wa Epidemiolojia, Leeds amejibu:

Shikamoo daktari, na salaam kwa wengine. Nakubaliana na kuuchana mwongozo vipande viwili, ila naona kuna kipande cha tatu kilichosahauliwa, nacho ndicho kilichompa tabibu majibu 7.9 na 4 kwa mtu mmoja. Ni kikokotoo chenyewe.

Kikokotoo hupimwa kwa maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Swali la kwanza ni kama kinawapanga watu vizuri, yaani mwenye hatari kubwa anatokea juu ya mwenye hatari ndogo. Swali la pili ni kama namba yenyewe ni ya kweli, yaani watu 100 walioambiwa asilimia 8 wanapata matukio karibu 8 kweli. Fikiria mizani ya muuza nyama inayozidisha robo kilo katika kila kipimo. Itakuonyesha bila kukosea kwamba paja la ng'ombe ni zito kuliko la mbuzi, lakini utalipa zaidi kila ukinunua. Vikokotoo vingi vya moyo ni mizani ya namna hiyo.

Kile cha 2013 kilijengwa kwa takwimu za makundi ya Wamarekani yaliyoanza kufuatiliwa miongo kadhaa nyuma, wakati sigara zilikuwa nyingi na dawa za presha na statini zilikuwa chache. Mwongozo ulipotoka tu, Paul Ridker na Nancy Cook wa Boston walikijaribu kwa makundi mapya zaidi wakakuta kinazidisha hatari kwa asilimia 75 hadi 150. Kwa hiyo sikushangazwa na asilimia 4 ya kikokotoo cha 2023. Hicho kimejengwa kwa takwimu za Wamarekani zaidi ya milioni 6, kimeondoa swali la rangi ya ngozi, kimeongeza utendaji wa figo, na kwa watu wengi hutoa namba iliyo karibu nusu ya ile ya zamani. Ila tahadhari: kizingiti cha asilimia 7.5 kiliwekwa kwa ajili ya kikokotoo cha zamani. Kizingiti na kikokotoo chake ni chanda na pete, na ukichukua namba mpya ukaipima kwa mstari wa zamani unakuwa umetunga mwongozo wako binafsi bila kujua.

Swali hilo la rangi lina kasoro nyingine kwetu. Kikokotoo cha 2013 kilikuwa na milinganyo ya Wamarekani weupe na ya Wamarekani weusi tu. Mwalimu wa Tanga ni mweusi, lakini hajala chakula cha Mississippi, hakukulia mtaa wa Chicago, na mabibi na mababu zake hawakupitia yale yaliyowapata mababu wa Wamarekani weusi. Kumjazia kisanduku cha "mweusi" ni kukopa maisha ya mtu mwingine.

Chati za Shirika la Afya Duniani za 2019 zilijaribu kutibu hilo. Zilianza na watu 376,177 kutoka makundi 85, kisha zikarekebishwa kwa kanda 21 kufuata makadirio ya magonjwa ya kila kanda, na kuna chati isiyohitaji kipimo cha damu inayotumia uzito na urefu badala ya lehemu, jambo la maana sana kwa zahanati. Lakini naomba tusizifanye msahafu. Marekebisho ya ukanda wetu yanategemea makadirio ya vifo, na sote tunajua ni watu wangapi wanaofia nyumbani na kuandikiwa "kifo cha ghafla" au kutoandikiwa chochote. Rangi ya kijani, ya hatari ndogo, katika chati hiyo ni kadirio lililopandishwa juu ya kadirio.

Na kuhusu kisima kimoja, daktari, niruhusu nibishe kidogo. Maji ya kisima hicho kwa muda mrefu yalichotwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Utafiti mkubwa ambao umewahusisha Waafrika wa ukanda wetu ni REPRIEVE, uliotoa matokeo 2023. Uliwahusisha watu 7,769 wanaoishi na VVU wenye umri wa miaka 40 hadi 75, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki, na pitavastatini, aina nyingine ya statini, ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 35 kwa watu ambao vikokotoo vingewaambia hatari yao ni ndogo au ya wastani. Huo ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi hata pale ambapo kikokotoo kingesema subiri.

---

Mfamasia wa Likoni amejibu:

Nimefurahi REPRIEVE imetajwa, maana ndipo mwongozo unapokutana na dirisha langu. Pitavastatini sijapata kuitoa dirishani hata siku moja, kwa sababu haifiki. Kinachofika ni atorvastatini, rosuvastatini mara mojamoja, na simvastatini, ambayo madaktari wengi huiandika kwa mazoea. Simvastatini haipaswi kabisa kutolewa kwa mgonjwa wa VVU anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir, kwa kuwa ritonavir huizuia isivunjwe na ini, kiwango chake katika damu kikapanda mno, na misuli ikaanza kuharibika. Mwongozo unaosema "mpe statini" bila kutaja ni ipi na pamoja na nini umeacha nusu ya kazi mlangoni pangu.

Mfano wa wiki hii: nimeletewa karatasi ya mama mmoja yenye amlodipini 10, dawa ya presha, na simvastatini 40 juu ya mstari mmoja, kwa mwandiko mzuri kabisa. Ukiziweka hizo mbili pamoja, simvastatini haifai kuzidi miligramu 20. Nilimpigia simu aliyeandika, tukabadilisha kuwa atorvastatini, na mama akaondoka bila kujua kulikuwa na mazungumzo. Kwa hiyo mimi nikiupima mwongozo huanza na ukurasa wa dozi na wa dawa zinazogombana.

Jambo la pili ni malengo ya LDL, kwa sababu naona vijana wengi wanaokota namba ya 1.4 kutoka mwongozo wa Ulaya wa 2019 na kumtakia kila mtu. Namba hiyo ni ya walio katika hatari kubwa sana, kama waliokwisha kupata mshtuko wa moyo. Kwa hao hao, Waingereza mwishoni mwa 2023 walitosheka na 2.0 au chini yake, na Wamarekani wa 2018 hawakuweka lengo bali walisema LDL ikibaki 1.8 au zaidi kwa mgonjwa aliye katika hatari kubwa sana, fikiria kuongeza dawa ya pili. Je, kufukuzia namba kunamsaidia mgonjwa kuliko kumpa dozi kubwa na kumwacha nayo? Wakorea waliwagawanya wagonjwa 4,400 wa mishipa ya moyo. Wengine wakapandishiwa na kushushiwa dozi kufuata lengo la LDL, na wengine wakapewa statini ya nguvu moja kwa moja. Baada ya miaka mitatu matukio yalikuwa asilimia 8.1 kwa 8.7, yaani njia ya lengo haikuwa duni. Kwangu mimi mahali ambapo kipimo cha mafuta ya damu hulipiwa na mgonjwa mwenyewe, dozi iliyotulia inapunguza safari za maabara.

La tatu ni maumivu ya misuli, ambayo ndiyo sababu kubwa ya watu kunirudishia pakiti ikiwa na vidonge 26. Kuna jaribio la Uingereza, lililochapishwa 2020, la watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa chupa 12 za mwezi mmoja mmoja: nne zenye dawa, nne zenye vidonge visivyo na dawa, nne tupu. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata wakiwa na dawa waliupata pia wakiwa na vidonge visivyo na dawa. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila chanzo chake kwa sehemu kubwa hakikuwa statini. Simwambii mteja kwamba anajidanganya; namwambia tujaribu tena kwa dozi ndogo, na wengi hukubali.

Upande wa madhara uliothibitika ni kisukari: ukiwapa watu 255 statini kwa miaka minne, mmoja zaidi hupata kisukari. Mwongozo mzuri hutaja hilo katika ukurasa uleule unaotaja faida.

---

Tabibu wa Tanga amejibu:

Nawashukuru sana. Mwalimu amerudi jana na nilimuuliza swali la daktari. Baba yake alianguka katika shamba la mkonge akiwa na miaka 49, akafa kabla ya kufikishwa hospitali, na hakuna aliyejua kilichomuua. Mama yuko hai. Nimeona mwongozo wa Marekani wa 2018 unahesabu baba aliyeugua moyo kabla ya miaka 55 kuwa kitu kinachoongeza uzito wa hatari, lakini hapa hatuna uhakika kama ulikuwa moyo. Presha ya jana ilikuwa 146 kwa 90, kwa hiyo nimempangia kurudi kuipima siku mbili nyingine kabla ya kumpa jina la ugonjwa.

Nilimweleza habari ya watu 91, kama daktari alivyoiandika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kati ya hao 91, mimi ni nani?" Nikamwambia hakuna kikokotoo kinachojua. Amechagua kuanza na kutembea, chumvi na chakula kwa miezi mitatu, kisha tupime tena ndipo aamue kuhusu kidonge, na nimeandika hayo katika faili lake pamoja na namba zote nne na jina la kila kikokotoo. Swali langu lililobaki ni hili: atakapopimwa tena, aende bila kula?

---

Daktari wa Wodi ya Pili amejibu:

Hana haja ya kufunga. Makubaliano ya wataalamu wa Ulaya ya 2016 yaliondoa sharti hilo kwa vipimo vya kawaida, na kufunga kunabaki kwa wale ambao trigliseridi zao zimepanda sana. LDL ya karatasi yako inaelekea ilikokotolewa kutokana na namba nyingine tatu, na hesabu hiyo huanza kudanganya trigliseridi zikipita 4.5, kwa 1.7 hana tatizo. Apimwe maabara ileile, maana tofauti ya mashine mbili inaweza kumfanya aonekane amepona au amezidi wakati hajafanya lolote. Presha yake ikithibitika kuwa juu, anza na hiyo, kisha ukokotoe upya kila kitu, kwa sababu namba zote ulizotuletea zilitumia 138.

Kuhusu mayai, mwambie mama asisumbuke. Wamarekani wenyewe waliondoa kikomo cha miligramu 300 za lehemu ya chakula kwa siku katika mwongozo wao wa lishe wa mwaka 2015, na yai moja la asubuhi si kesi. Muulize kwa upole kuhusu tui zito la nazi, na mafuta ya nazi kama wanayatumia, kwa kuwa mafuta hayo hupandisha LDL, na huko Tanga sidhani kama kuna siku linakosekana jikoni.